Mpaka wa Kigoma haulindwi kwa misako

Mkoa wa Kigoma una mipaka miwili ya kimataifa isiyofanana. Wa Burundi uko nchi kavu. Unapita kwenye vilima, vijito na mashamba ya mihogo na migomba, kuanzia Kagunga ufukweni hadi wilaya ya Kakonko. Wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo uko majini, katikati ya Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 650 na upana wa wastani wa kilomita 50 hivi. Huko hakuna nguzo. Mvuvi anayefuata dagaa na migebuka usiku hana alama ya kumwambia kwamba ameiacha Tanzania nyuma. Vituo rasmi vipo, kama Manyovu wilayani Buhigwe, Mabamba wilayani Kibondo na bandari ya Kigoma, lakini havimpitishi kila anayevuka. Wengine hupita njia za panya, tena mchana kweupe, kwa kuwa safari zenyewe hazina siri: ni za sokoni, msibani, kliniki au shambani.

Mipaka hiyo imechorwa juu ya watu waliokuwapo. Majeshi ya Ubelgiji yaliiteka Kigoma mwaka 1916 na kukaa hapo hadi 1921. Makubaliano ya Milner na Orts ya mwaka 1919 ndiyo yaliyoipa Ubelgiji Ruanda-Urundi na kuiacha Kigoma kwa Waingereza. Wabelgiji wakafidiwa maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, yaliyokuja kuitwa Belbase. Waha wakabaki upande huu, Warundi upande ule, na hadi leo Kiha na Kirundi husikilizana bila mkalimani. Ujiji wakati huo ulikuwa mji mkongwe tayari, mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, na Wamanyema waliotoka ng'ambo ya ziwa walikuwa wamekwisha kujenga na kuzikana hapo. Kwa hiyo afisa anayetaka kumtambua mgeni kwa lafudhi au kwa jina la ukoo, iwe Kasulu au Ujiji, amejitwika kazi isiyowezekana.

Tangu uhuru, mkoa umepokea watu kwa mawimbi. Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwaleta wa kwanza kwa wingi. Kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwaka 1993 kukaleta wengine, vita vya Zaire vikawaleta Wakongo mwaka 1996, kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa, na mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza ukaleta wimbi la mwaka 2015. Wimbi hili la mwisho lilionekana vizuri zaidi Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, kisicho na barabara ya kufikisha lori. Makumi ya maelfu ya watu walilala ufukweni, kipindupindu kikaingia. Meli kongwe ya MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilitia nanga mbali kidogo na nchi kavu. Watu wakapelekwa kwa boti ndogo, wakapandishwa pamoja na mabunda yao, wakateremshwa Kigoma na kupumzishwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya mabasi kuwapeleka Nyarugusu. Hakuna aliyewaita wahamiaji haramu siku hizo. Lakini Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi abaki kambini, na anayetoka bila kibali kwenda kulima kwa ujira kijiji cha jirani huwa amekwisha kuvunja sheria.

Hapo ndipo neno "wahamiaji haramu" linapokuwa kapu la kila kitu. Ndani yake wamo vibarua wa Burundi wanaokuja msimu wa kilimo na kurudi kwao baada ya mavuno. Wamo wachuuzi na wavuvi, na wakimbizi waliotoka kambini. Wamo pia wale ambao Uhamiaji huwaita walowezi, yaani watu walioingia miongo mingi iliyopita, wakaoa, wakazaa, wakapewa ardhi na serikali za vijiji, bila kuwahi kupata karatasi. Na wamo, kwa bahati mbaya, raia wa Tanzania wasio na ushahidi wa uraia wao. Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, ina adhabu kwa anayeingia bila kibali na kwa anayemhifadhi au kumwajiri, ila mikononi mwa dola mara nyingi huangukia kibarua, si mwenye shamba. Lipo hata lalamiko la siku nyingi kwamba wako wenye mashamba wanaowachongea vibarua wao siku ya malipo inapokaribia. Sheria inayoweza kutumiwa kukwepa deni la ujira wa kulima haijakaa sawa.

Hoja ya wanaotaka ukali si ya kupuuzwa. Wakazi wa Kigoma wanakumbuka miaka ambayo mabasi yaliendeshwa yakiwa na askari wenye silaha, kwa hofu ya majambazi waliotumia bunduki zilizotoka kwenye vita vya jirani. Ziwani, wavuvi wamevamiwa na kuporwa injini za boti. Wakulima wanalalamikia mifugo na makundi yanayoingia kwenye mapori ya hifadhi. Nchi isiyojua nani yumo ndani yake haiwezi kupanga shule wala dawa. Yote hayo ni kweli.

Swali ni njia. Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete alitoa muda wa wiki mbili kwa wahamiaji haramu kuondoka, na Septemba mwaka huo ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondoka wenyewe, maelfu wengine wakaondolewa. Miongoni mwao walikuwamo waliozaliwa Tanzania, waliokuwa na wake na waume Watanzania, na waliokuwa na nyaraka ambazo hazikuzingatiwa. Familia zilikatwa vipande, ng'ombe wakabaki bila mwenyewe. Kisha mvua zikanyesha, mashamba yakahitaji mikono, na njia zikaanza kupitika tena. Jambazi mwenye silaha hasubiri msako kijijini; anayekutwa ni bibi kizee akianika mihogo.

Gharama nyingine ya misako hiyo hulipwa na Waha wenyewe. Kijana wa Buhigwe au Kasulu anayeomba kitambulisho cha taifa hupitishwa kwenye chujio ambalo mwenzake wa mikoa ya ndani halijui. Anaulizwa babu alizaliwa wapi na kuzikwa wapi. Anatakiwa kuleta barua ya mwenyekiti wa kijiji, kiapo cha mahakamani na cheti cha kuzaliwa cha mzazi aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga wa jadi. Mwenye bibi aliyezaliwa Ujiji wakati wa Mbelgiji atautoa wapi ushahidi wa bibi huyo? Bila namba ya kitambulisho hicho (NIDA) hakuna laini ya simu, na bila laini hakuna pesa ya mtandaoni wala biashara. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, ikisomwa kama ilivyoandikwa, inamtambua kwa upana aliyezaliwa nchini baada ya Muungano. Utekelezaji umekuwa ukitazama zaidi uraia wa wazazi, na Kigoma ndiko tofauti hiyo inakouma zaidi.

Tanzania imewahi kuonyesha kwamba njia nyingine ipo. Wakimbizi wa mwaka 1972 waliokuwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliruhusiwa kuomba uraia, na takriban watu 162,000 wakakubaliwa. Hati zao zilianza kugawiwa mwaka 2014. Mikoa ya Tabora na Katavi, yaliko makazi hayo, haikuporomoka. Ajabu ni kwamba wenzao wa mwaka ule ule, zaidi ya 20,000, waliokwenda kuishi vijijini Kigoma badala ya kwenye makazi rasmi, waliachwa nje ya zoezi hilo. Waliojichanganya na wananchi tangu siku ya kwanza ndio waliokosa karatasi.

Mazingira ya kisheria nayo yamebadilika. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo mwaka 2022, na Itifaki ya Soko la Pamoja inayozungumzia watu kusafiri kwa uhuru imekuwapo tangu 2010. Kenya, Uganda na Rwanda zinaruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania bado inataka hati ya kusafiria, kwa sababu za kiusalama zinazoeleweka, ila mama anayevusha ndoo mbili za mawese hatazifuata taratibu hizo hata akitishiwa.

Ziwa lenyewe limetoa mfano wa ushirikiano. Nchi nne zinazolizunguka zilikubaliana kusimamisha uvuvi ili samaki wazaliane, na mwaka 2024 Tanzania ikafunga upande wake kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Kama serikali nne zinaweza kupangia migebuka kalenda moja, hazishindwi kukubaliana kibali cha bei nafuu kwa wakazi wa vijiji vya mpakani na cha msimu kwa kibarua, chenye jina la mwajiri wake.

Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi ianzie kwa walowezi. Ilimalize suala la wale wa mwaka 1972 waliosahauliwa vijijini Kigoma, iwape uraia wanaostahili na vibali wasiostahili, kisha iweke ukomo wa siku za kumhoji Mha anayeomba kitambulisho. Boti za doria ziende ziwani, wanakoporwa wavuvi.