Ofisi mfukoni, virusi vikukome!

Wiki hii nina kasheshe la flashi.

Juzi mshikaji wangu kaenda stesheni ya mtaani kuchapa barua ya kazi, siku ya mwisho ya maombi. Kuchomeka flashi tu, virusi vikaficha mafaili yote! Wasifu, vyeti, barua, hakuna kitu. Jamaa nusura alie.

Dawa ipo. Tafuta flashi ya GB 16, iwe tupu maana itafutwa yote. Pakua Linux Mint, ni bure na LibreOffice imo humo humo. Ipakie kwa programu ya Rufus, na usisahau kutenga nafasi ya kuhifadhi kazi. Bila hiyo ukizima tu, imekula kwako!

Ukifika stesheni, muombe mwenyewe kwanza. Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza F12 (nyingine F9 au Esc), uchague flashi. Windows inabaki imelala, na virusi vyake vimelala nayo.

Ila flashi nayo hupotea, nakala nyingine iache nyumbani. Mali bila daftari, wahenga walishamaliza.

Tukutane wiki ijayo!