Mshikaji wa Nyandira

Msomaji wangu, ukisikia Morogoro ni "mji kasoro bahari" usidhani mambo yote yanaishia Msamvu. Juzi kati nilipanda zangu gari la kwenda Mgeta, milimani Uluguru. Tulipoipita Mlali barabara ikaanza kupinda na kupanda, na baridi ikanionyesha kuwa fulana yangu ya mjini huko juu si lolote.

Nilikuwa namtembelea kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, pale Nyandira. Mwanawe, bwana mdogo wa darasa la pili, akanipokea: "Shikamoo baba mdogo! Njoo nikuonyeshe Mshikaji."

Mshikaji mwenyewe ni mbuzi, tena dume.

Mbuzi wa huko hawazururi, bwana. Mashamba yameinama kama paa la nyumba. Ukiwaachia watamaliza kabichi na njegere za watu. Wanakaa kwenye banda lenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa, samadi inadondoka chini na kupelekwa shambani. Ni mbuzi wa maziwa, mbegu ya Norwei, iliyofika Mgeta miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA. Majani wanaletewa hapo hapo, na mleta majani ni mtoto. Mimi nilipita bandani, Mshikaji kimya. Dogo alipokohoa tu kule njiani, mbuzi akaanza kuita.

Sasa sikia. Jike anabaki atoe maziwa, lakini beberu mmoja anatosha majike mengi. Madume wengine safari yao inajulikana. Kila mtu aliijua, isipokuwa dogo.

Siku ya pili mchana ikaja pilau, nyama imejaa. Nikashambulia! Nilipofika nusu ya sahani nikauliza, dogo yuko wapi? Kimya. Nikamfuata bandani. Alikuwa ameshajaza majani sehemu ya Mshikaji, amekaa pembeni. Halii. Akaniuliza, "Baba mdogo, kwani nyie mjini mnakulaga nini?"

Jamani, nyama yote ilinikwama.

Nilipomwambia kaka, akasema, "Mgeni ale majani? Niweke wapi uso wangu? Na hata usingekuja, ningemuuza tupate madaftari ya huyo huyo dogo." Hapo sina la kubisha. Nyama ninakula, na madaftari hayaokotwi.

Ila wazazi tusikilizane. Wakati wa kukata majani tunamwambia mtoto "mbuzi wako huyo." Kisu kikitoka, mbuzi anakuwa wa baba. Huo ni uongo, na mtoto anauona. Mwambie mapema: huyu tutamuuza, yule atabaki. Atalia, lakini hatakuona tapeli.

Kaka alinielewa. Kuna jike ana mimba, na mbuzi hubeba miezi mitano tu. Akamwita mwanawe: akizaliwa jike, ni wako kabisa, hauzwi wala hachinjwi.

Dogo akafikiri kidogo. "Na akizaliwa dume?"

Tukaangaliana, watu wazima wawili. Kaka akasema taratibu, "Akiwa dume, nitakwambia siku ile ile."

Mimi salamu nimeshatuma. Safari ijayo nipikiwe njegere.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.