Tunampima Mtoto, Mtu Mzima Hapimwi

Miradi mingi ya kuwafundisha wanafunzi wa shule za msingi kujikinga na ukatili huishia na jedwali lile lile: alama za watoto kabla ya mafunzo na alama zao baada ya mafunzo. Alama zimepanda, mfadhili ameridhika, wataalamu wamepeana mikono. Ni nani kati yao aliyekwenda kuuliza yaliyompata mtoto aliyethubutu kusema?

Mwaka 2015 mapitio ya Cochrane yalikusanya majaribio 24 ya mafunzo haya, yenye watoto 5,802. Hakuna hata jaribio moja lililofanyika Afrika. Kwamba watoto walijifunza, hilo halina ubishi. Lakini kama mafunzo yalipunguza ukatili wenyewe, ushahidi haukutosha kusema. Nasi tumelichukua somo pamoja na mizani yake mbovu.

Ndugu msomaji, rejea utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009. Takriban wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walieleza kuwa walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti huo huo ulionesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili na walimu. Sasa tunamfundisha mtoto wa darasa la pili: “Ukifanyiwa jambo baya, mwambie mwalimu.” Mwalimu yupi? Huyu aliyemchapa jana kwa kuchelewa namba? Mtoto akijibu swali hilo kwa usahihi kwenye karatasi, amepata alama. Asipokwenda kwa mwalimu huyo, ametumia akili.

Wapo watakaosema maarifa ni mwanzo. Sikatai. Mtoto anayejua jina la kila kiungo cha mwili wake na anayejua kuwa kosa si lake ana nafuu kubwa kuliko asiyejua. Ninachokataa ni kumtwika mtoto wa miaka 8 ulinzi wa nafsi yake, kisha kumtahini yeye, ilhali Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeuweka wajibu huo mabegani mwa wazazi, jamii na Serikali.

Kwa hiyo tathmini ianzie ofisini kwa mwalimu mkuu. Taarifa ngapi zilipokelewa mwaka huu? Zilichukua siku ngapi kufika kwa afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia la polisi? Ngapi zilimalizwa nyumbani kwa mbuzi na maneno matamu ya wazee? Mtuhumiwa akiwa mwalimu, alifikishwa mahakamani au alipewa barua ya uhamisho? Na mtoto mwenyewe, muhula uliofuata alikuwa bado darasani?

Maofisa wa halmashauri mnaosoma hapa, majibu mengi yamo katika majalada yenu. Ripoti ijayo ikija bila safu hizo, irudisheni kwa mwandishi wake.