ENEO NI LAKO, MAFURIKO NI YA NANI?

Hivi jamani, mtu akipandisha tuta la udongo katikati ya korongo linalopita shambani kwake, akaziba njia ya maji, hiyo nayo tuiite mali binafsi tukae kimya? Nauliza kwa sababu ile kauli ya "eneo langu, hela yangu, wewe inakuhusu nini?" imezoeleka mno. Mimi inanihusu. Niko Kasingirima, na maji ya mvua yanayoshuka kutoka juu yanaipitia Ujiji kabla hayajaingia Ziwa Tanganyika.

Sipingi kuzuia mafuriko. Watu wa Katubuka, hapa hapa Kigoma, wanajua maji yakituama bondeni na kuingia sebuleni ni adha gani, na anayekuja na wazo la kuyazuia huko juu anastahili kusikilizwa. Ninachopinga ni bwawa la mtu mmoja ambalo hesabu zake anazijua mwenyewe.

Tuelewane kwanza linavyofanya kazi. Bwawa la kuzuia mafuriko linatakiwa likae tupu, au karibu tupu. Mvua kubwa ikinyesha linayapokea maji kwa mkupuo na kuyaachia kidogo kidogo kupitia bomba la chini. Likiwa limeshajaa halina msaada, maji yanalipita tu. Sasa niambie, ni mwenye shamba gani atakayevumilia kutazama bwawa tupu wakati kiangazi cha Juni mpaka Septemba kinamkaushia mboga? Ataziba bomba. Ataweka samaki. Atanunua pampu amwagilie nyanya. Simlaumu sana, wengi wetu tungefanya vivyo hivyo! Lakini siku anapoliziba lile bomba, bwawa la kutulinda limeshageuka kuwa tanki lake, na tanki hilo liko juu ya vitanda vyetu. Hakuna aliyetuambia.

Na tuta la udongo halina msamaha. Maji yakianza kupita juu yake yanalimega, kila linapomegeka yanapita mengi zaidi, na baada ya muda mfupi halipo. Ndiyo maana lazima liwe na utoro, yaani njia ya pembeni ya kupitisha maji ya ziada, tena pana na isiyo na vichaka. Kuna hatari nyingine ya kimya kimya: panya wanatoboa, mchwa wanatoboa, mti unakufa na mizizi yake inaacha mirija, maji yanapenya humo humo na kuchukua udongo kutoka ndani. Lambo la ng'ombe angalau mchungaji analiona kila siku. Hili la mafuriko, likiwa kavu miezi kibao, nani analitembelea? Watu watapanda muhogo juu yake.

Anayedhani natia chumvi akumbuke Solai, kaunti ya Nakuru, Kenya. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katikati ya mvua nzito, bwawa la udongo la shamba la Patel lilipasuka na kufagia makazi yaliyokuwa chini yake. Watu 48 walikufa, watoto wakiwemo. Lile lilikuwa la kuhifadhi maji ya shamba, si la mafuriko, lakini mpangilio ni ule ule: udongo, mwenye mali mmoja, na watu chini. Baada ya maafa ndipo Mamlaka ya Rasilimali za Maji ya Kenya ikasema mabwawa ya shamba lile hayakuwa na kibali. Baada ya maafa! Kwani bwawa linafichwa mfukoni? Watu tisa, wakiwemo maofisa wa serikali, walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Februari 2020 mahakama ya Naivasha ikawaachia kwa kuwa upande wa mashtaka ulishindwa kuendesha kesi, kisha Mahakama Kuu ikaifufua. Mfiwa yeye alikuwa anahesabu nauli za kwenda mahakamani.

Waliosoma sheria pale Mlimani wataniambia jambo hili liliamuliwa Uingereza tangu 1868, kesi ya Rylands na Fletcher. Mwenye kinu alijenga bwawa, maji yakapenya mpaka kwenye mgodi wa makaa wa jirani, na majaji wakasema aliyeleta kitu cha hatari kwake analipa kikitoroka, hata kama hakuzembea. Nzuri sana. Ila pale kilichozama ni mgodi. Jirani alibaki hai akaenda kushtaki.

Kwetu karatasi zipo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji ni ya umma na Rais ni mdhamini tu. Kanuni za usalama wa mabwawa zipo tangu 2013. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika ina ofisi hapa hapa Kigoma, hatuhitaji kupanda treni. Basi kila tuta linalozuia maji juu ya makazi, liwe la tajiri, la taasisi au la mheshimiwa, likaguliwe kabla ya mvua, na orodha ibandikwe ukutani ofisi ya kata: ni la nani, lina kimo gani, lilikaguliwa lini, bomba liko wazi au limezibwa. Na namba ya simu ya mtu wa kumwamsha usiku wa manane.

Najua jibu litakalokuja: "Wamejenga bondeni, wahame." Ujiji ilikuwa mji tayari Stanley alipomkuta Livingstone hapa mwaka 1871. Tuta la juzi ndilo liuambie mji huu uhame?

Mvua zetu hazisubiri mwaka mpya, Novemba tu zinakuwa zimeshika. Kabla ya hapo nakwenda ofisi ya kata kuiomba hiyo orodha, kwa maandishi, na nakala nitapeleka Bodi ya Bonde. Mkazi mwenzangu unayetaka kuweka sahihi yako, karibu.