Mbele ya panga, picha



Siku ya salongo tunakata majani kule chini kwenye kijito, na mara moja mtu analia: "Nyoka!" Dakika ile ile mapanga kumi yako juu. Nyuma yake tunasimama kando ya vipande na kubishana: iko na sumu, haina. Nani atajua? Kichwa kimekwisha kupondwa, na kichwa njo kingetuambia.

Sisi tunaona desturi hii haifai. Hatusemi nyoka wote ni rafiki zetu. Tunasema tu kwamba tunaua kwanza, halafu tunauliza, na miaka inapita bila kujua nyoka wa kwetu hata kidogo.

Tutazame wale wa kijani. Huku Kivu kuna nyoka wembamba ambao wataalamu wanawaita Philothamnus. Hawana sumu. Wanatembea mchana, wanakula vyura na mijusi, na mtu akikaribia wanakimbia. Macho yao ni makubwa, mboni ya mviringo, magamba laini. Lakini kuna pia Atheris nitschei, kijani na nyeusi, mnene, kichwa kipana, magamba yenye kukwaruza. Ule iko na sumu kweli, na anapenda matete, mafunjo na mianzi. Tena katika misitu ya chini kuna Dendroaspis jamesoni, mwembamba na wa kijani vile vile, na sumu yake inaweza kuua mtu. Basi wembamba peke yake si alama ya kutosha.

Mtu atasema: "Kama ni vile, si njo sababu ya kuua yote?" Hapana! Mwenye panga ni lazima asogee karibu mpaka mkono ufike. Mwenye kupiga picha anabaki hatua tano nyuma, na nyoka anaendelea na safari yake. Nani kati yao anajiweka katika hatari? Lakini asimfuate ndani ya majani, wala asimguse, hata akionekana amekufa. (Nyoka akiingia katika chumba cha kulala, hiyo ni habari ingine: tutoke wote, tuite mkubwa.)

Wengine wanatuletea Mwanzo 3:15. Sisi pia tunaisoma. Lakini nyoka wa kijito chetu hakuwa Edeni, na sura ya kwanza ya kitabu kile kile inahesabu vyenye kutambaa kati ya vile Mungu aliviona kuwa vyema.

Kati ya 1933 na 1935 Mbelgiji Gaston-François de Witte alizunguka katika Parc National Albert, ambayo leo ni Virunga, akikusanya nyoka, vyura na mijusi. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1941, na vile alivyokusanya vilikwenda Ubelgiji. Kumbe nyoka wa huku wanajulikana kule kuliko kwetu! Leo Wakongomani wanafanya kazi hiyo, kama Chifundera Kusamba wa Lwiro. Kwa watu kama yeye, picha safi yenye tarehe na jina la mahali ina faida. Vipande havina.

Kwa hiyo tunamwomba Perefe jambo moja dogo: siku ya salongo, mwalimu wa biolojia akuwe karibu na simu yake. Picha tatu zinatosha: kichwa kwa upande, mwili wote, na majani alimokuwa. Tutazibandika katika daftari moja la darasa, na mwenye kuona nyoka ataandika hapo siku na saa.