Bukavu si majumba ya kando ya ziwa tu

"Nifikishe Mulamba," mama anamwambia motari, anapanda na mfuko wake wa unga, na safari inaanza. Jina hilo linatajwa kutoka asubuhi hadi usiku. Lakini kati ya wanaolitaja, wachache wanajua kwamba Mulamba alikuwa mtu. Kwa watoto wengi wa Ibanda ni mahali pa kushukia tu. Kwa mtoto aliyefika juzi kutoka Kalehe ao Shabunda, akilala na ndugu zake kwa jamaa aliyewapokea, ni neno moja zaidi katika mji asioujua.

Léonard Mulamba alikuwa kanali wa jeshi la taifa. Mwezi wa nane 1964, Simba wa vita vya Mulele walikuwa wamekwisha kushika Uvira na Kisangani, na wakaja juu ya Bukavu. Mulamba ndiye aliyeongoza ulinzi, na mji haukuanguka. Mwaka uliofuata Mobutu alimfanya waziri mkuu, na mwaka mmoja baadaye akamwondoa na kufuta kabisa kiti chenyewe. Hadithi hiyo inasimuliwa kwa dakika tatu, pale pale kwenye mzunguko, huku mtu akingojea gari. Haisimuliwi.

Kinachosimuliwa ni kingine. Mgeni akifika, anaonyeshwa rasi tano zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono. Anapelekwa La Botte, anatazama Muhumba, anapita avenue Lumumba na kupigwa picha mbele ya majumba ya mtindo wa Art Deco yaliyojengwa na Wabelgiji kati ya miaka ya 1930 na 1950, yenye kona za mviringo na madirisha yanayotazama maji. Ni majumba mazuri kweli, na anayetaka yatunzwe ana haki. Shida ni kwamba watu wanaambiwa kuwa huo ndio urithi wa Bukavu, kisha kitabu kinafungwa.

Mji huo wa kando ya maji uliitwa Costermansville, jina la Paul Costermans, ofisa Mbelgiji aliyefikia cheo cha makamu wa gavana mkuu wakati Kongo ilipokuwa mali ya mfalme Leopold. Jina la Bukavu lilirudi miaka ya 1950, hata kabla ya uhuru. Wazee wa Kishi wanasema limetoka katika neno la ng'ombe, sababu hapa palikuwa malisho. Mzungu alikaa karibu na ziwa. Mfanyakazi wake Mwafrika alipanda jioni kulala Kadutu. Bagira ilijengwa baadaye, nyumba za mistari zilizopangwa kwa rula, na hata leo anayepita pale anaona kwamba mtu mmoja aliamua familia ya Mwafrika inatosha vyumba vingapi. Kwa nini nyumba ya bwana iwe urithi, na nyumba ya mpishi wake iwe kartie tu? Kadutu ni ya kihistoria sawa na La Botte. Soko lake ni la kihistoria. Hata ngazi zake za udongo, ambazo mvua inazila kila mwaka, zina historia yao.

Kuna jambo jingine ambalo picha za majumba haziwezi kuonyesha. Historia ya mji huu, ukiifuata mwaka kwa mwaka, ni historia ya watu waliokimbia na watu waliopokea waliokimbia. Mwezi wa nane 1967, Jean Schramm na mamluki wake, pamoja na askari wa Katanga, waliingia Bukavu na kuushika karibu miezi mitatu. Wakazi walikimbilia vilimani na vijijini. Mamluki walipovuka Ruzizi kwenda Rwanda, tarehe 5 mwezi wa kumi na moja, waliacha nyuma yao mji ulioporwa na kubomolewa. Mwaka wa 1994 ilikuwa zamu ya wakimbizi wa Rwanda kuvuka daraja kuja huku, na viwanja vya chuo cha Alfajiri vikajaa mahema. Mwaka wa 1996 vita. Mwaka wa 2004 vita tena. Mwezi wa pili 2025, M23 waliingia mji, na kuna familia zilizokuja hapa kutafuta usalama ambazo zililazimika kufunga mizigo mara ya pili.

Ndiyo maana si haki kuzungumza juu ya familia zilizohama makwao kana kwamba zinasimama nje ya historia ya Bukavu, zikingoja kurudi. Nyumba ngapi za Kadutu na Panzi hazikuanzishwa na mtu aliyefika na godoro kichwani?

Mahali panapoonyesha hayo kuliko pengine pote ni Nyawera. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Myezuiti, mtoto wa Walungu, aliandika barua nyingi kutoka 1994 hadi 1996 akiomba dunia itazame Kivu. Aliwatetea wakimbizi wa Rwanda wakati wengi hawakutaka kusikia habari zao, na aliwaomba wanainchi wake wasiache mji. Yeye mwenyewe hakuondoka. Tarehe 29 mwezi wa kumi 1996 aliuawa pale Nyawera, na mwili wake ukabaki njiani hadi kesho yake. Leo pale ni kelele za motari na wauzaji. Wakristo wanamkumbuka kila mwaka, na hilo ni jema, lakini Munzihirwa hakuwatetea Wakatoliki peke yao. Mtoto Mprotestanti ao Mwislamu wa Bukavu angepaswa kuonyeshwa mahali hapo sawa na mwenzake.

Kuna watakaosema kwamba huu si wakati wa hayo. Benki zilifungwa, bei zimepanda, mama analala na watoto watano katika chumba kisicho chake. Atafanya nini na habari za kanali wa 1964? Swali hilo ni la kweli, na anayelijibu haraka hajawahi kulala na njaa. Lakini kumbukumbu ya mahali si pambo tu. Katika Bukavu ni ushahidi. Viwanja vya shule vinaliwa mita kwa mita. Nyumba zimeingia hadi ndani ya makaburi ya Ruzizi. Karatasi zinachomwa, zinaporwa, zinachapishwa mara mbili na majina tofauti. Siku kesi itakapokuja, atakayeweza kusema ukuta wa shule ulifika wapi ni mzee aliyesoma pale, kama mtu alimwuliza akiwa bado hai.

Tena kuna urithi uliofika pamoja na waliohama. Mzee wa Kirega kutoka Shabunda anajua maana ya vitu vya bwami ambavyo Wasaveri walivikusanya katika jumba lao la makumbusho Muhumba. Anaweza kuvieleza kuliko kibandiko chochote. Mtu wa Kabare ameiona taasisi ya Lwiro, iliyoanzishwa na Wabelgiji 1947, na anajua kijijini watu walifanya kazi gani ndani yake. Na Mutwa anaweza kusimulia Kahuzi-Biega. Mbuga hiyo ilifanywa hifadhi ya taifa 1970, na mwaka wa 1980 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Orodha hiyo inasifu sokwe. Watwa waliotolewa msituni kwa ajili ya mbuga hiyo wangali wanadai ardhi. Hata urithi wetu unaojulikana kuliko yote, basi, ulianza kwa kuhamisha watu.

Haihitajiki bajeti ya wafadhili ili kuanza. Radio za mji zina saa za jioni ambazo zinajazwa na muziki. Robo saa moja kwa juma, kwa Kiswahili, na juma lingine kwa Mashi, Kirega ao Kihavu, ingetosha: mzee mmoja, mahali pamoja, na kijana wa kumwuliza maswali. Walimu wanaweza kuwapeleka watoto kwa miguu kutoka kathedrali hadi Nyawera, wenyeji na waliohama pamoja, bila franka hata moja.

Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Schramm leo anakaribia 80. Wengine wangali Kadutu, wengine wamevuka ziwa ao wako Bujumbura kwa watoto wao. Radio zianze na hao.