Akili inayotangatanga si pepo



Kuna neno linalopita sasa katika mashirika yetu, nasi hatuwezi kulinyamazia. Wasema hivi: mtu akipiga magoti kusali, na akili yake ikakimbilia sokoni au kwa mtu anayemdai, basi pepo amemwingia. Dawa yake ni kukesha na kupaza sauti mpaka pepo atoke. Tena wasema kwamba sala ya kunyamaza, ile tunayoiita tafakari, ni mlango wazi wa shetani. Na kama si hivyo, ni kazi ya mapadri na masista, si ya watu wenye mashamba na watoto.

Huo ni uongo, na uongo huo unaumiza watu.

Mama mmoja alitujia akilia. Kila alipoanza kusali alijikuta anahesabu feza za masomo ya watoto. Akaenda kwa waombezi. Wakamwuliza: nani anakaa nawe nyumbani? Akajibu: mume wangu, watoto, na mama mkwe. Wakamwambia akili yake imefungwa na mtu wa nyumba ile ile, naye akalipa bei ya mbuzi ili afunguliwe. Tangu siku ile hakula tena chakula kilichopikwa na mkono wa yule mzee. Angalieni basi! Alikwenda kutafuta namna ya kusali, akarudi na adui.

Kama kutangatanga kwa akili ni pepo, watakatifu nao walikuwa na pepo. Miaka 1,600 hivi iliyopita, Yohane Kasiano na rafiki yake Germano walikaa kati ya watawa wa jangwa la Misri. Misri ni Afrika, ndugu, wala si Ulaya. Vijana wale wawili waliwauliza wazee neno hili hili: mbona mawazo yetu hayatulii? Abba Musa akawajibu kwamba akili ni kama kinu kinachozungushwa na maji. Maji yanakisukuma bila kukoma, na hakuna wa kukizuia kisizunguke. Lakini mwenye kinu ndiye anayechagua atie nini ndani yake, ngano au magugu. Hatukani kwamba shetani hushawishi. Wazee wale walimjua kuliko sisi. Lakini walifundisha pia kwamba mawazo mengine yatoka kwetu wenyewe. Hawakumtafuta mchawi nyumbani mwa mtu.

Na Mtakatifu Teresa wa Avila, wa Hispania (1515–1582)? Kwa miaka mingi hakuthubutu kuanza tafakari bila kitabu mkononi. Nyakati nyingine alingojea saa ya sala iishe, kuliko alivyosali. Mwaka 1577, alipoandika kitabu chake juu ya ngome ya roho, kichwa chake kilijaa kishindo kama cha mito mingi, naye akaendelea kuandika. Papa Paulo VI alimtaja kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1970. Je, waombezi wangemtoza mbuzi wangapi?

Hata wataalamu wa dunia wameliona jambo hili. Mwaka 2010 Killingsworth na Gilbert, wa Marekani, waliwauliza watu 2,250 kwa njia ya simu, saa mbalimbali za siku, wanafikiri nini. Karibu nusu ya nyakati hizo, mawazo yao hayakuwa kwenye kazi waliyokuwa wakiifanya. Basi ni pepo wa nusu ya dunia?

Kelele hufukuza ndege katika shamba la mpunga kwa kitambo tu. Mtoto akichoka kupiga debe, ndege wanarudi. Vivyo hivyo kipaza sauti kikizimwa alfajiri, deni lipo pale pale, na mtu hana usingizi.

Tafakari si kuufanya moyo uwe mtupu kama chungu kilichooshwa. Soma maneno machache ya Injili, kwa mfano yule kipofu wa Yeriko. Kaa naye kando ya njia, usikie miguu ya watu ikipita, umsikie anavyoita. Akili ikiondoka, irudishe polepole, kama mama anavyomshika mkono mtoto aliyeanza kutembea, bila kumpiga. Ikiondoka mara kumi, umemrudia Bwana mara kumi. Kama deni ndilo linalokuita, mwambie Bwana habari za deni hilo, kisha urudi kwa kipofu wako. Dakika 10 zatosha kwa kuanza. Na mwenye jembe mkononi afanye kama wale watawa wa Misri, waliorudia mwanzo wa Zaburi ya 70 katika kila kazi. Je, hiyo ni kazi ya mapadri tu?

Lakini mtu asiyelala usiku baada ya usiku, au anayerudiwa na mambo ya vita aliyoyaona, huyo aende pia kwa muganga wa hospitali. Si aibu.

Yule mama tulimwomba arudi pamoja na mama mkwe wake. Walikuja wote wawili, na mzee ndiye aliyechagua maneno ya Injili. Siku hizi wanakula sahani moja. Bei ya mbuzi haijarudishwa bado, nasi tunaendelea kuidai.